Kijana aliyejifungia chumbani
Mama, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 19 hapo Kayole, Nairobi, ameacha mpira, analala mchana kutwa, na sahani unayomwekea usiku unaikuta asubuhi haijaguswa, huku majirani wakimwita mvivu. Tafadhali usilikubali neno hilo, kwani mtu akipoteza hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, huenda ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, nao ni ugonjwa unaotibika.

Kaa naye mkichambua sukuma wiki, maana vijana wengi huzungumza kwa urahisi mikono ikiwa na shughuli, kisha umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mpeleke Hospitali ya Mathari, ya magonjwa ya akili, Barabara ya Thika. Hofu ya polisi isikuzuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichoadhibu jaribio la kujiua kinakiuka Katiba.

Kocha wake naye aombwe aje kumjulia hali, bila kumhimiza kurudi uwanjani.