Kabla Hujasaini Mkataba wa Ufadhili, Uliza Fedha Zinatoka Taifa Gani

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa katika kitalu cha mikoko, kwenye delta ya Rufiji, nikihesabu miche ya mkandaa pamoja na kina mama wa kikundi, simu yangu ilipopokea barua pepe ya mistari minne kutoka kwa shirika kiongozi la mradi. Kazi zote zisimame siku hiyo hiyo, na gharama yoyote itakayofuata haitarudishwa. Tarehe 20 ya mwezi huo Rais wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai mosi USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, ilikuwa imefungwa rasmi. Mwenyekiti wa kikundi hakuniuliza habari za Washington. Aliuliza, "Sasa mwanangu, na posho yetu ya wiki iliyopita?"

Sikuwa na jibu, na kosa lilikuwa langu pia, kwa kuwa mkataba nilikuwa nimeusoma kuanzia bajeti kwenda mbele, nikakiruka kifungu cha kusitisha kazi. Siku hizi nakianza hicho. Nauliza fedha zilitoka hazina ya taifa gani kabla hazijapitia mashirika mawili matatu, na nadai kwa maandishi kwamba kazi iliyokwisha kufanyika italipwa hata mradi ukifa. Posho za vijijini nalipa kila Ijumaa, wala sisubiri mwisho wa mwezi.

Upepo mwingine huvuma kutoka upande wa serikali mwenyeji, na huu ni mgumu zaidi kuutabiri. Tazama bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ambamo kampuni ya Ufaransa na ya China zina hisa pamoja na Uganda na Tanzania. Agosti 2021 Uganda ilisimamisha mashirika 54 yasiyo ya kiserikali, likiwemo moja lililokuwa mstari wa mbele kufuatilia madhara ya mradi huo. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kuupinga, mjadala uligeuka ghafla kuwa wa uhuru wa nchi zetu, na mtu aliyekuwa akidai tu fidia ya minazi yake akawa anatazamwa kama msemaji wa mabeberu. Kwa maoni yangu azimio lile, hata kama hoja zake za mazingira zilikuwa na uzito, liliwapunguzia nafasi watu waliokuwa wakiisemea ardhi yao kwa sauti zao wenyewe.

Kwa hiyo, ukifanya kazi na shirika la kigeni, hakikisha takwimu zimekusanywa na wanakijiji, zimesomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na zimo katika muhtasari wake, kabla hazijaonekana kwenye ripoti yenye nembo ya Ulaya. Usidhani ukubwa wa jina utakukinga: mwaka 2023 Urusi iliyatangaza Greenpeace na WWF, mashirika makubwa ya kimataifa ya mazingira, kuwa yasiyotakiwa nchini humo, miezi miwili ikifuatana.

Kitalu chetu bado kipo, ingawa kimebaki nusu. Kikundi sasa kina akaunti yake benki, watia saini wote ni wa kijijini, na bamvua (maji makuu ya bahari) lililopita walipanda bila kumsubiri mtu wa mradi. Posho ya ile wiki moja bado nadaiwa.