Templeti ya jina au ya modi? Mimi nachagua hivi kwenye XSLT

Kuna dogo mmoja hapa Mwanjelwa namuelekeza elekeza XSLT, lugha ya kugeuza faili la XML kuwa sura nyingine, na swali lake halibadiliki, kaka hapa niweke call-template au apply-templates yenye mode? Siku hizi namjibu kwa swali: hapo nani anaamua kinachofuata, wewe au data? Kama ni wewe, ipe templeti (kipande cha maelekezo) jina uiite kwa call-template. Kama ni data, tumia apply-templates na uweke modi, yani lebo ya kutenganisha kazi moja na nyingine, XSLT yenyewe itatafuta templeti inayofaa.

Chukulia kazi ninayofanya kila msimu, chama cha wakulima wa kahawa huku Mbozi wana faili la XML, data iliyofungwa ndani ya vitambulisho viitwavyo elementi, kuna elementi ya mkulima na chini yake mzigo, mkopo wa mbolea na makato, vyote vimechanganyika kufuata tarehe. Faili ni hilo hilo moja ila linatoka kwa sura mbili, risiti ya mkulima yenye kila kitu, na muhtasari wa kubandika ukutani wenye jina na kilo basi, mana madeni ya mtu huwezi kuyabandika ukutani bwana. Hapo ndo kwenye modi. Naandika match="mzigo" mode="risiti", match="mkopo" mode="risiti", na muhtasari nao unakuwa na templeti zake. Elementi ile ile, sura mbili, hazigombani.

Waliotokea PHP au Java wengi hapo huwa wanatengeneza templeti ya jina, tuseme andika-mstari, ndani wanajaza xsl:choose ndefu kama foleni ya malori Tunduma, ikiwa nodi (kipande cha XML kinachosomwa) ni mzigo fanya hivi, ikiwa ni mkopo fanya vile. Inafanya kazi, sikatai. Ila chama wakileta elementi mpya, labda miche, itabidi urudi kuipasua ile choose, wakati kwenye modi unaongeza templeti moja pembeni na zingine huzigusi kabisa. Mimi nikikuta choose inauliza self::mzigo (yani hii nodi ni mzigo?) ndani ya templeti ya jina, naivunja hapo hapo.

Sa jina linabaki na kazi gani? Vitu visivyojali umesimama kwenye nodi gani: kuandika hela na koma zake, kichwa cha ukurasa, sahihi ya chini. Kumbuka call-template haikuhamishi, nodi uliyokuwepo ni ile ile na position(), namba ya nafasi yake, ni ile ile. Kwenye XSLT 1.0, ile ya mwaka 1999, ukitaka kukatakata maandishi yenye koma unahitaji templeti ya jina inayojiita yenyewe. Toleo la 2.0 la 2007 lilileta xsl:function, kwahiyo hesabu ndogondogo peleka huko, unaiita ndani ya XPath (lugha ya kutafutia vitu ndani ya XML) na maisha yanaendelea.

Modi nazo zina visa vyake, na hapa ndo watu wanakata tamaa. Kama hakuna templeti inayolingana kwenye modi hiyo, XSLT inatumia kanuni zake za ndani, inashuka kwa watoto na kumwaga maandishi yote, unashangaa namba za simu za wakulima zimetokea kwenye muhtasari. Dawa ni templeti tupu ya match="text()" mode="muhtasari", au kama uko 3.0 tangaza xsl:mode yenye on-no-match="shallow-skip". Kingine, ukiita apply-templates huko ndani bila kurudia mode unarudishwa kwenye templeti za kawaida zisizo na modi, kimya kimya. Kuanzia 2.0 andika mode="#current" upumzike.

Alafu templeti moja inaweza kuwa na match na name pamoja, ni halali, ila mimi siipendi, msomaji anashindwa kujua inaingiwa kwa mlango upi.

Na usichague kwa kuogopa spidi, kwenye mafaili ya saizi hizi zetu hutaona tofauti. Angalia zaidi paramita, zile thamani unazoipa templeti: kwenye 1.0, mfano ukitumia xsltproc, programu ya kuendesha XSLT, ukikosea jina la paramita kwenye with-param hakuna anayekwambia, thamani inapotea tu. Saxon, programu nyingine ya kazi hiyo, kwenye 2.0 kwenda juu itakukatalia kosa hilo kwenye call-template, ila kwenye apply-templates bado inanyamaza, kwahiyo huko yahakiki majina mwenyewe.