Je, Kuchelewesha Uzee ni Kupingana na Qadari ya Allah?

Swali: Assalamu alaykum shehe. Mwanangu yuko Doha, amesikia kuna dawa ya kuchelewesha uzee, anataka kumtumia bibi yake mwenye miaka 81. Nakumbuka hadithi kwamba uzee hauna dawa. Si kupingana na qadari?

Jibu: Wa alaykumus-salaam warahmatullah, mama. Hadithi hiyo ameipokea Usama bin Sharik, imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Lakini tazama inavyoanza: "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga asirudishwe kwenye umri dhalili. Nilimtawadhisha marehemu baba yangu miaka yake ya mwisho. Mkono uliovuta nyavu maisha yote ulishindwa kuinua kopo la maji. Kumpunguzia mzazi hali ile, ukiweza, ni wema.

Wanasayansi nao wameutafuta mzizi wa uzee. Mwingereza Peter Medawar alieleza mwaka 1952 kwamba porini viumbe wengi huliwa au hufa njaa kabla ya kuzeeka, hivyo kasoro inayojitokeza uzeeni, watoto wakiwa wamekwishazaliwa, haichujwi, hurithiwa tu. Michael Rose alifuga nzi wa matunda akawa anachukua mayai ya wazee peke yake, kizazi baada ya kizazi, na waliofuata wakaishi muda mrefu zaidi. Imani yangu haitikisiki kwa hilo. Kasi ya kuzeeka ina sababu zake, nasi tumeruhusiwa kushika sababu. Kwani si Mtume aliyesema, kwa Bukhari na Muslim, kwamba anayependa kucheleweshewa umri wake aunge udugu? Siku ikifika haisogei (al-Munafiqun, aya ya 11), na miaka itakayopatikana kwa tiba nayo ilikwishaandikwa.

Sasa dawa yenyewe. Inayosemwa sana ni rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Mwaka 2009 panya walioanza kupewa wakiwa na siku 600 waliongezewa maisha, madume asilimia 9, majike 14. Kwa binadamu bado haijathibitika kurefusha umri. Tena kazi yake hospitalini ni kupunguza kinga ya mwili, ili aliyepandikizwa figo asiikatae. Bibi wa miaka 81 akipungukiwa kinga, homa ya mapafu inaweza kumchukua, na Mtume amekataza kudhuru. Mwanao asiitume. Akimwona daktari anayemtibu bibi yake akamwuliza juu ya presha, macho na miguu yake, huko kuna tiba zinazojulikana.

Wallahu a'lam.