Maswali ya Wasomaji: Kuwaza mwendo kwanza, kutelezesha neva baadaye

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kulia unakufa ganzi kidole gumba, cha shahada na cha kati. Usiku naamka kuukung'uta. Hospitali walisema neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, wakanipa mazoezi ya kutelezesha neva. Kila nikiyafanya, usiku mkono unawaka moto. Sasa mtaalamu wa fiziotherapia anataka nifumbe macho niwaze tu kwamba nayafanya. Kuwaza kunatibu neva kweli? (Mama fundi, Morogoro)

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na huo moto wa usiku. Mara nyingi unatokana na kuivuta neva badala ya kuitelezesha: mtu ananyoosha kiwiko, anapinda kifundo kwenda nyuma, analaza kichwa upande wa pili, kisha anakaa hapo sekunde 30 kama anayenyoosha misuli. Wewe unaijua kamba ya suruali ndani ya pindo. Ukivuta ncha moja na nyingine umeiachia, kamba inatembea; ukivuta zote mbili, inakaza palepale. Wataalamu wa fiziotherapia Michel Coppieters na David Butler walilipima jambo hili kwenye maiti, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Kwenye kifundo cha mkono, neva ya kati, ndiyo hiyo iliyobanwa kwako, ilisogea milimita 12.6 kwa kutelezeshwa, na mvuto ukaongezeka asilimia 0.8 tu. Ilipovutwa ncha zote mbili ilisogea milimita 6.1, na mvuto ukapanda asilimia 6.8. Neva ina vimishipa vyake vya damu, na ikivutwa navyo hubanwa. Neva ambayo tayari imebanwa haistahimili hilo.

Kuhusu kuwaza, tuseme wazi: hakuisogezi neva hata milimita moja. Kazi yake iko kwenye ubongo. Ukiwaza mwendo kwa makini, sehemu nyingi za ubongo zinazopanga mwendo halisi huanza kazi huku mkono umetulia. Mkono uliouma muda mrefu hujikaza hata kabla hujauinua: bega linapanda, vidole vinajikunja. Kwa kuwaza, ubongo unaurudia mwendo ule bila neva kuguswa, na zoezi lenyewe likifika mkono unakuwa umelegea. Ndiyo maana viwili hivi huenda pamoja. Kuwaza peke yake hakutoshi.

Fanya hivi. Keti wima na upime kwanza kwa mkono mzima, yaani wa kushoto. Uweke pembeni, chini kidogo ya usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa mraba, kiganja kinatazama juu. Nyoosha kiwiko taratibu huku ukilaza kichwa upande wa mkono huohuo. Kisha kunja kiwiko huku kichwa kikienda upande wa pili. Mara 10, ukihesabu muda kwa saa ya simu. Tuseme umetumia sekunde 50.

Sasa uweke mkono wa kulia juu ya mto mapajani, fumba macho, uwaze mwendo uleule mara 10. Usijitazame kama uko kwenye video. Uwe ndani ya mkono. Hisi uzito wake, kitambaa cha blauzi kikiteleza kwenye kiwiko, shingo ikilala. Angalia saa. Ukimaliza kwa sekunde 20, umeruka hatua. Ukitumia 90, ubongo bado unahangaika na mwendo huo. Rudia mpaka muda wa kuwaza ukaribiane na ule wa kutenda. Wiki ya kwanza iwe ya kuwaza tu, dakika 5 asubuhi na jioni.

Baada ya hapo, waza mara moja, tenda mara moja, hadi utimize 10. Kiwiko kisifike pale ganzi inapoanzia. Ishia nusu ya njia, na usikae mwishoni. Kiganzi chepesi kinachoisha mara tu unaporudisha mkono si tatizo. Kikibaki zaidi ya dakika moja, au usiku ukawa mbaya zaidi, punguza mwendo kwa nusu au urudi kwenye kuwaza. Na 10 ni 10. Wengi huharibu hapa: siku mkono ukiwa mwepesi wanafanya 50.

Usiku vaa splinti inayoshika kifundo kikae wima, na mkasi mzito wa kukatia jinzi mpe msaidizi kwa sasa. Ukiona nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua, au sindano inakuponyoka kila mara, rudi kwa daktari haraka. Hapo huenda ukahitaji upasuaji.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, nina siatika, yaani maumivu ya neva inayotoka kiunoni hadi mguuni, mguu wa kushoto. Nikifumba macho na kuwaza naunyoosha, maumivu yanashuka palepale kutoka tako hadi unyayo. Je, ni akili yangu tu? (Kisumu)

JIBU: Hapana, ndugu. Maumivu yako ni ya kweli. Mwaka 2008 mtafiti wa maumivu Lorimer Moseley na wenzake walionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu sugu ya mkono, kuwaza tu mwendo kuliongeza maumivu na hata uvimbe. Maana yake kwako ni kwamba dozi imekuwa kubwa.

Shuka ngazi. Tazama picha za miguu kwenye simu, utaje upesi kama ni wa kushoto au wa kulia. Yasipoamka maumivu, mtazame mtu mwingine akinyoosha mguu. Kisha waza wako, lakini robo ya mwendo tu.

Ukiweza kuwaza mwendo mzima siku 3 mfululizo bila maumivu, keti ukingoni mwa meza. Nyoosha goti huku ukiinua uso kutazama juu; likunje huku kidevu kikishuka kifuani. Ukikosea ukainamisha kichwa wakati goti linanyooka, umeivuta neva ncha zote mbili.

Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukagoma kutoka, au ukapata ganzi sehemu zinazogusa kiti cha pikipiki, acha mazoezi uende hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nina kisukari na nyayo zote mbili zina ganzi. Nami nifanye? (Tanga)

JIBU: Zoezi hili halikulengi wewe. Ganzi ya nyayo zote mbili kwa mwenye kisukari kwa kawaida ni neva zilizoharibiwa na sukari, si neva iliyobanwa mahali pamoja. Dhibiti sukari, kagua nyayo kila jioni, usitembee peku. Ukiwa na doa kwenye ngozi lisilohisi ukiligusa kwa pamba, nenda ukapimwe ukoma, maana nao huharibu neva. Dawa zake ni bure.