Kabla ya Kumwaga Kokoto: Kwa Anayetandika Reli Yake ya Kwanza ya Mfano

Wengi wanaoingia kwenye treni za mfano huanza kwa kuuliza wanunue kichwa cha treni gani. Swali hilo linaweza kusubiri. Kichwa cha bei kubwa kitaacha njia kwenye reli iliyotandikwa ovyo, na kichwa cha kawaida kitazunguka mchana kutwa kwenye reli iliyotulia. Kwa hiyo hapa nitazungumzia zaidi reli, tangu ubao mpaka treni ya kwanza imalize mzunguko bila kuguswa na mkono. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: treni ya kwanza ni mkaguzi. Iendeshe reli ikiwa bado tupu, bila kokoto, bila nyasi bandia, bila mlima wa plasta, ili kila kasoro itakayoifichua uweze kuirekebisha kwa kung'oa pini mbili tatu tu.

Ukubwa nitaupitia haraka. Kipimo kiitwacho HO ni 1:87, yaani mfano ni mdogo mara 87 kuliko treni halisi, na upana wa njia yake ni milimita 16.5, yaani ile milimita 1,435 ya reli halisi ukiigawa kwa 87. Kipimo cha N ni 1:160 na njia yake ni milimita 9. Waingereza wana OO yao, kama 1:76, ambayo hupita kwenye njia hiyohiyo ya milimita 16.5, ndiyo maana treni za OO na za HO huweza kutumia reli moja ingawa maumbo yake hayalingani. Kama nafasi unayo, anza na HO au OO. Kosa la nusu milimita kwenye njia ya milimita 16 magurudumu hulivumilia mara nyingi. Kwenye njia ya milimita 9 kosa hilohilo linaangusha behewa.

Ubao uwe imara. Plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao, yenye mbao za kukatiza kila baada ya sentimita 40 hivi, inatosha kabisa. Pima kwa pimamaji urefu na upana, kisha piga rangi pande zote mbili, hata ule wa chini usioonekana. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na zinapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa. Watu hulaumu joto, lakini reli ya mita moja ikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka takribani theluthi moja ya milimita tu. Kinachokunja njia mara nyingi ni ubao uliosinyaa huku reli zikiwa zimebanana ncha kwa ncha, hazina pa kwenda. Acha mwanya mdogo, unene wa kadi ya karatasi ngumu, kila baada ya viungio viwili vitatu, yaani vile vibati vinavyounganisha ncha za reli.

Chora njia nzima kwa penseli juu ya ubao, kwa ukubwa wake halisi, kabla ya kukata chochote. Hapo ndipo kona zinapokubana. Kanuni inayosaidia ni hii: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Mabehewa ya mizigo ya sentimita 15 yataridhika na kona ya sentimita 45. Mabehewa marefu ya abiria, ambayo kwa HO hufika sentimita 30, yanataka sentimita 90. Yatapita pembamba zaidi ya hapo, ila yataning'inia nje ya njia kwa namna isiyopendeza, na ukiyasukuma kinyumenyume yatabanduka. Kona ya kushoto inayofuatwa papo hapo na ya kulia ni mtego mwingine: weka kati yake kipande kilichonyooka kisichopungua urefu wa behewa refu kuliko yote.

Na daraja? Najua unalitaka, kila mtu analitaka. Treni ya HO ikipita juu ya nyingine inahitaji kupanda kama sentimita 8. Kwa mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, hiyo ni mita 4 za kupanda na mita 4 za kushuka. Ukibana nafasi ukafanya asilimia 4, kichwa kidogo kitavuta mabehewa matatu na kuanza kuteleza. Njia ya kwanza iwe tambarare.

Sasa reli zenyewe. Nunua za aloi ya shaba, zinki na nikeli. Huitwa fedha ya nikeli ingawa hazina fedha hata chembe. Reli za chuma hushika kutu. Za shaba ya manjano (brass) hujenga utando unaozuia umeme, na utakuwa ukizisugua kila wiki. Ukikutana na namba kama 100 au 75 kwenye maelezo ya reli, hiyo ni kimo chake kwa elfu za inchi: 100 ni milimita 2.54, na 75 ni milimita 1.9. Reli fupi kwa kimo hufanana zaidi na za kweli, lakini magurudumu ya zamani yenye kingo ndefu hugonga vishikio vyake, vile vidude vinavyoibana reli chini. Anayeanza achukue 100.

Vipande vilivyokatwa tayari, vya moja kwa moja na vya kona, ni rahisi, lakini kila kiungio ni mahali pa kuharibika, na navyo vina viungio vingi. Mimi humwelekeza mgeni kwenye reli inayopindika, ile inayouzwa kwa urefu wa karibu mita moja, mradi akubali kujifunza kuikata. Ukiichunguza utaona reli yake moja imeshikwa na mataruma, vile vipande vya kukatiza chini ya reli, na nyingine inateleza. Inayoteleza iweke upande wa ndani wa kona. Ukiipinda, reli ya ndani itatokeza mbele ya mwenzake, na kwa kona ya robo duara kwenye HO itatokeza takribani milimita 26, iwe kona pana au nyembamba. Hiyo ndiyo utakayoikata.

Kata kwa msumeno wenye meno madogo au kwa koleo maalumu la reli. Koleo la kukatia waya huiponda ncha. Baada ya kukata, piga tupa: uso wa ncha, chini yake ili kiungio kiingie bila kulazimishwa, na ukingo wa juu wa ndani kidogo tu, pale gurudumu linapopita. Kiungio hakiwezi kukaa juu ya vishikio, kwa hiyo ondoa taruma moja au mawili mwishoni mwa kila kipande uyahifadhi. Utayachomeka chini baadaye, yakiwa yamekatwa vishikio.

Kiungio kikiangukia katikati ya kona, usikiunge ukiwa umeshazipinda reli. Zinapenda kunyooka, na pale zinapokutana zitafanya pembe badala ya mviringo. Unga vipande viwili vikiwa vimenyooka mezani, lehemu viungio vyote viwili kwa risasi, kisha pinda kipande kizima kwa pamoja. Tumia risasi ya vifaa vya elektroniki, yenye dawa ya utomvu ndani. Dawa ya asidi ya mafundi bomba itakula reli zako polepole. Lehemu upande wa nje wa reli, kwa joto la kutosha na muda mfupi, maana ukikawia mataruma ya plastiki yatayeyuka. Kitambaa chenye maji juu ya mataruma ya jirani husaidia.

Kisha funga macho, pitisha ukucha juu ya kiungio na ubavuni mwake kwa ndani. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Inama mpaka jicho lilingane na reli, tazama njia kwa urefu wake: mkunjo usioonekana kutoka juu utaonekana mara moja. Ukaguzi huu wa kidole na jicho unachosha, na ndio unaotenganisha njia nzuri na mbaya kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Shika reli kwa pini, gundi baadaye. Pini usizizamishe mpaka mwisho. Ukiigongelea pini katikati ya taruma kwa nguvu, taruma hupinda, reli mbili huinamiana na njia inakuwa nyembamba. Treni itaacha njia hapo, nawe utatafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye pini. Acha nafasi ya unene wa karatasi chini ya kichwa chake.

Pointi, pale njia inapogawanyika, usiziweke juu ya maungio ya fremu, kwa sababu siku ukitaka kufunga mota chini utakuta mbao. Usiziweke ndani ya handaki pia. Mkono lazima ufike. Ndimi zake, zile reli nyembamba zinazosogea, zikae zimebana kabisa reli ya pembeni kila upande unapogeuza. Ukitaka kujua, sukuma behewa kwa mkono kutoka upande wa ndimi, pande zote mbili, mara nyingi. Ile ncha ya katikati reli mbili zinapokutana huwa ya plastiki kwenye pointi nyingine na ya chuma chenye umeme kwenye nyingine. Ya plastiki ni rahisi kufunga, ila kichwa kifupi chenye magurudumu machache huweza kuzimika juu yake. Ya chuma hutaka waya wake na swichi ya kubadili umeme pointi inapogeuzwa.

Kuhusu umeme, usiviamini viungio kupitisha mkondo. Mwanzoni vitapitisha; vikilegea au vikipata utando, treni itapungua kasi upande wa mbali wa ubao. Pitisha nyaya mbili nene chini ya ubao, za rangi mbili tofauti, kisha lehemu waya mwembamba kutoka kila kipande cha reli kwenda kwenye waya mnene wa rangi yake. Baada ya kila jozi, pima kwa mita kama kuna shoti. Ukisubiri umalize jozi 20 ndipo upime, utafungua zote kutafuta moja iliyovuka rangi. Tahadhari na kitanzi kinachoigeuza treni na kuirudisha kwenye njia ileile: reli ya kulia inakutana na ya kushoto na shoti haikwepeki. Kinahitaji kutengwa kwa viungio vya plastiki pande zote mbili na swichi yake.

Mfumo wa kawaida hutumia umeme wa moja kwa moja wa volti 12. Ukibadili chanya na hasi treni inarudi nyuma. Mfumo wa kidijitali wa DCC huweka umeme kwenye reli muda wote na kutuma amri kwa kila kichwa kwa namba yake. Kichwa kipya huja na namba 3. Ukiwa na DCC, weka sarafu juu ya reli zote mbili, sehemu baada ya sehemu. Mtambo ukate umeme mara moja kila mahali. Usipokata, nyaya zako ni nyembamba mno au zimeunganishwa vibaya, na siku ya shoti ya kweli kitu kitaungua.

Kabla ya kichwa chochote, safisha reli kwa kitambaa na alkoholi. Msasa uache, mikwaruzo yake ndiyo inayokaribisha uchafu. Halafu tafuta behewa moja zito, lisukume kwa mkono njia nzima, mbele na nyuma. Uzito nasisitiza, kwa kuwa mabehewa mengi hutoka kiwandani yakiwa mepesi. Kanuni ya NMRA, chama cha Marekani cha wapenda treni za mfano, kwa HO ni wakia moja pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 15 liwe na gramu kama 113. Ongeza vipande vya chuma ndani, chini iwezekanavyo.

Sasa washa. Kichwa peke yake, kasi ya chini kabisa inayoweza kukisogeza, mzunguko mzima mbele, kisha nyuma. Kasi kubwa huruka juu ya makosa. Ya chini huyataja yote. Kikisita au taa zikipepesa, bandika kipande cha utepe pale na uendelee bila kurekebisha kwanza. Kisha ongeza behewa moja moja. Behewa likiacha njia, usikimbilie tupa. Lirudishe, lijaribu tena, halafu jaribu jingine mahali hapohapo. Mabehewa yote yakianguka mahali pamoja, kosa liko kwenye reli. Behewa moja likianguka mahali popote, angalia magurudumu yake: mara nyingi yamekaribiana au yametanuka kwenye ekseli, na hurekebishwa kwa kuyasogeza kwa vidole huku ukipima.

Jaribio la mwisho ni kusukuma treni nzima kinyumenyume kupitia kila pointi, behewa refu likitangulia. Likipita hilo, kiache kichwa kizunguke nusu saa kila upande ili gia zake zilainike, na wewe ukae uangalie utepe ulioubandika kama bado una kazi.

Kokoto zifuate hapo. Zimwage kavu, zipange kwa brashi, zilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Kwenye ndimi za pointi usidondoshe chochote. Weka kokoto chache kwa mkono, na uzigeuzegeuze pointi hizo kila dakika chache mpaka gundi ikauke. Futa juu ya reli kabla haijashika, na kesho yake pitisha tena lile behewa zito.