Tumbo likinyamaza, usiache dawa

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilitibiwa amiba ambayo sikuwa nayo. Kila nilipokwenda zahanati na kueleza kwamba naharisha damu iliyochanganyika na ute, na kwamba tumbo linaninyonga hadi nashindwa kusimama wima, niliandikiwa flajili, nikapata nafuu ya siku chache, kisha hali ikarudi pale pale. Simlaumu mtu, maana kwetu kuhara damu kwa maambukizi ni jambo la kila siku. Nilichopaswa kuuliza mapema ni kwa nini ugonjwa uleule unatibiwa kwa mara ya nne. Hatimaye daktari bingwa alipitisha kamera kwenye utumbo mpana, akachukua vinyama vya kupimwa maabara, na jina likapatikana: kolaitisi ya vidonda, ambayo pamoja na ugonjwa wa Crohn ni katika maradhi sugu ambamo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe.

Jina hilo lina taabu yake kwa Kiswahili. Ukisema una vidonda kwenye utumbo mpana, watu husikia “vidonda vya tumbo”, na kabla hujamaliza kueleza umeshaletewa juisi ya kabichi na asali. Vidonda vya tumbo mara nyingi hutokana na bakteria, nao huuawa kwa dozi ya wiki chache. Dozi yangu haina tarehe ya mwisho.

Hapo kwenye tarehe ya mwisho ndipo nilipokosea. Niliandikiwa prednisoloni ya kuutuliza ugonjwa uliokuwa umepamba moto, na mesalazini ya kunywa kila siku. Ndani ya wiki mbili damu ilikatika, uso ukajaa, na wifi yangu akanisifu mbele ya wageni kwamba ndoa imenikubali. Prednisoloni ilipunguzwa kidogo kidogo hadi ikaisha. Miezi mitano baadaye, nikiwa sina dalili hata moja na mesalazini ikishindana na ada ya mtoto, niliiacha nayo. Ugonjwa ulinirudia nikiwa ndani ya daladala ya Mbagala, kwenye foleni. Nilimwomba kondakta anishushe pasipo na kituo, nikakimbilia choo cha msikiti, viatu mkononi.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kusoma. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 99 wa kolaitisi ya vidonda ambao tayari walikuwa wametulia kwa mesalazini walifuatiliwa: waliokunywa dawa kama walivyoandikiwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 89 wa kuendelea kutulia, ilhali kwa walioirukaruka ulikuwa asilimia 39. Nilijiona humo waziwazi.

Kuhusu prednisoloni, ushahidi wa dawa za jamii yake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 210, ambapo takriban asilimia 41 ya waliopewa kotisoni walitulia ndani ya wiki sita, dhidi ya asilimia 16 ya wasiopewa. Ilikuwa hatua kubwa, lakini baadaye ilibainika kwamba kotisoni haiuzuii ugonjwa kurudi. Kwa hiyo anayeinunua prednisoloni mwenyewe duka la dawa kila tumbo linapochafuka anaharibu mifupa na kupandisha sukari bila kupata ulinzi wowote, na akiiacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu anaweza kuzidiwa vibaya.

Utafiti ulionibadilisha kabisa, hata hivyo, ni ule uitwao CALM, wa mwaka 2017. Wagonjwa 244 wa Crohn waligawanywa makundi mawili: kundi moja liliongezewa matibabu kwa kufuata dalili tu, na jingine kwa kufuata dalili pamoja na vipimo vya damu na cha kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu na kuonekana kwenye choo kikubwa utumbo unapowaka. Baada ya wiki 48, utumbo ulikuwa umepona kwa asilimia 46 ya waliofuatiliwa kwa vipimo, na asilimia 30 ya wale wengine. Ugonjwa wao si wangu, lakini daktari wangu hutumia hoja ileile, kwamba dalili pekee hazitoshi, nami hupeleka kikopo changu maabara hata ninapojisikia mzima.

Atakayehamishiwa sindano za infliximabu au adalimumabu, dawa za kuituliza kinga ya mwili, asikubali ya kwanza kabla hajapimwa kifua kikuu na homa ya ini ya B, kwa sababu dawa hizo huweza kuyaamsha maambukizi yaliyolala. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo ziulizie kwanza.

Mwaka huu natimiza miaka minane tangu dalili zianze, na huo ndio muda ambao madaktari hushauri kamera irudiwe kutafuta dalili za saratani. Sina maumivu, sina damu, naenda chooni mara moja kwa siku. Miadi yangu ni Jumanne, na dawa ya kusafisha utumbo nimeshaiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa ya mtoto.