Kwa Mnaoanza Wodi ya Watoto Wachanga: Namba ya Kipimo cha Ngozi na Mipaka Yake

Wadogo zangu, nawaandikia kwa sababu kila kundi jipya linapoingia wodini nayakuta mafaili yaleyale: namba ya bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu) iliyosomwa kwa kifaa juu ya ngozi imeandikwa vizuri, lakini umri wa mtoto kwa saa haupo, wiki za ujauzito hazipo, wala hakuna neno linaloeleza kama mtoto alikuwa chini ya taa ya kutibu manjano.

Kwanza, hesabuni umri kwa saa. Miligramu 10 kwa desilita kwa mtoto wa saa 80, aliyetimiza miezi na anayenyonya vizuri, hazinisumbui. Namba hiyohiyo kwa mtoto wa saa 20 inanifanya niagize damu mara moja, kwa kuwa manjano ya ndani ya saa 24 za mwanzo huchukuliwa kuwa ni ya ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Angalieni pia kipimo chenu kinasoma kwa vizio gani. Miligramu moja kwa desilita ni takriban mikromoli 17 kwa lita.

Pili, taa, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi. Mwanga wa buluu hubadilisha umbo la bilirubini ili itoke kwa nyongo na mkojo bila kungoja kazi ya ini, na ngozi iliyomulikwa hupauka mapema kuliko damu inavyosafika. Sasa kijana anazima taa kidogo, anaweka kipimo kwenye kidari, anaona namba imeshuka sana, anaandika kwamba mtoto anaendelea vizuri, kisha anampa mama matumaini ya kwenda nyumbani kesho. Zamu inayofuata inaipokea namba hiyo kama ilivyo, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba ngozi ilikuwa imemulikwa. Ikiwa mtoto huyo damu yake inavunjwa kwa kutopatana na ya mama, au ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, bilirubini inaweza kuwa inapanda wakati sisi tunaifurahia ngozi iliyopauka. Mtoto aliye chini ya taa hufuatiliwa kwa damu. Baada ya taa kuzimwa, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unataka zipite angalau saa 24 kabla ya kukitumia tena kipimo cha ngozi, na sioni sababu ya kuzifupisha saa hizo kwa kuwa tu kitanda kinahitajika.

Tatu, ncha ya kipimo ikae wima, bila kukandamiza, mbali na michubuko, nywele na alama za kuzaliwa.

Nne, msiyaamini macho yenu, hasa kwa ngozi nyeusi. Kanda za Kramer za mwaka 1969, zinazofuata manjano kutoka kichwani hadi nyayoni, zinafaa kuwatia shaka, hazifai kuwapa namba. Kipimo kinachanganua mwanga unaorudi kutoka ndani ya ngozi na kujaribu kuondoa athari ya melanini (rangi ya ngozi) na hemoglobini (rangi nyekundu ya damu), lakini hakiziondoi zote, na baadhi ya vifaa husoma juu kuliko damu kwa watoto weusi. Ndiyo maana kazi yake ni kutuambia nani achukuliwe damu. Mwongozo huohuo wa 2022 unaagiza damu pale namba inapofika miligramu 15, au inapobakiza miligramu 3 au pungufu kufikia kiwango cha kuanza taa. Nchini Uingereza kipimo cha ngozi hutumika kwa mtoto wa wiki 35 na kuendelea aliyepita saa 24, na damu huchukuliwa namba ikizidi mikromoli 250 kwa lita.

Na mtoto aliyelegea, anayekataa titi, anayelia kwa sauti kali ya juu au kupinda mgongo, msimtafutie kipimo cha ngozi hata kidogo. Mwiteni daktari wa zamu, washeni taa, tumeni damu ipimwe bilirubini na kundi la damu, na muanze maandalizi ya kumbadilisha damu wakati majibu yakisubiriwa.